Ungo wa Bi Fuko

Hapo zamani wanyama walijenga shule, wakaweka kengele na bendera, adabu wakaisahau. Humo Ngedere na wenzake walimgeuza Kakakuona mpira, wakampiga mateke uwanja mzima. Tangu siku hiyo alijikunja, akakataa kujikunjua hata wakati wa kula.

Akaitiwa Mwalimu Korongo, mshauri wa wanafunzi, mwenye mdomo mrefu na maneno marefu zaidi.

"Jikunjue, mwanangu! Ukijifanya mpira, nani asikupige teke? Usipofunguka kufikia Ijumaa, unarudi kwenu."

Akamdonoa magambani. Kakakuona akajikaza zaidi.

Alhamisi Bi Fuko, mpishi asiyeona vizuri, alikuja na ungo wa maharage, akaketi kando yake. Hakuuliza kitu. Alichambua tu, mawe akiyaacha, maharage akiyatupa. Kakakuona alisikia vitu vinadondoka, akachungulia kwa jicho moja.

"Bibi, unatupa chakula, unatubakizia mawe!"

"Basi nisaidie, mjukuu wangu, nisije nikawavunja watu meno."

Akajikunjua, akachambua. Ungo ulipofika nusu, akasema mwenyewe, "Ni Ngedere. Bado namwogopa."

"Nimesikia. Kesho utakaa na mimi jikoni, na Ngedere nitampeleka kwa Mkuu mimi mwenyewe."

Korongo akaja mbio. "Mmeona? Maneno yangu yamemwingia!"

Bi Fuko akamsukumia ungo. "Keti uchambue, Mwalimu. Ukimaliza gunia zima bila kusema neno, ndipo tutakuita mshauri."