Firigisi ya Kuku Mzee

Kuku alikuwa ameacha kutaga, basi Mama Fils akamchinja nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Bel-Air. Manyoya aliyaweka kando yawe mto, matumbo akamtupia mbwa, na maji ya kunyonyolea yalipopoa akayamwaga kwenye tuta la mboga za lengalenga. Katika lupango, ule ua wao, hakikutupwa kitu.

Alipopasua firigisi ili aisafishe, kisu kilikwaruza vijiwe. Vilikuwa vya kijani.

Alivijua mara moja. Fils, mtoto wake, alikuwa akirudi na rangi hiyo kwenye kucha, kabla shimo la shaba halijamfukia.

Akafumba kiganja.

"Unaficha nini?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu. Ni buchafu tu."

"Fungula mukono, Mama Fils."

Aliufungua. Mumewe alivitemea mate vile vijiwe, akavisugua kwa kidole gumba, kimoja kimoja, hadi vikang'aa.

"Hii kuku haitokaka mu lupango," alisema polepole. "Inakulaka hapa hapa."

"Na sisi tunakulaka hapa hapa, Baba Fils. Wacha."

Mumewe alikuwa anamtazama mbuzi wao kule mwisho wa tuta. Kamba yake ilifungwa kwenye sururu ya Fils, ambayo wenzake wa shimoni waliileta pamoja na maiti yake. Kwa kuwa chuma kilikuwa bado kizima, yeye na mkewe waliikita ardhini ikawa kigingi.

Mumewe alivitia vijiwe mfukoni, akaenda akamfungua mbuzi, akaing'oa sururu.