Santuri Iliyofunika Maziwa

Santuri ilikuwa imefunika ndoo ya maziwa. Mwalimu Kipngeno aliiona mara tu alipoingia dukani kwa Masese, pale Kipkelion.

"Masese, unajua hiki ni kitu gani?"

"Kifuniko," Masese akajibu. "Kinazuia nzi. Kama unataka chukua tu, Mwalimu. Nitatafuta sahani."

Kipngeno aliichukua bila kushukuru. Mtu anayefunika maziwa kwa muziki hakustahili asante. Jalada nalo lilipatikana chini ya kaunta, limelowa pembeni: vijana waliovaa magunia kichwani, na neno moja jekundu, ONDIEK. Hakukuwa na jina la mtu.

Tangu astaafu, Kipngeno alikuwa amekusanya santuri hadi mkewe, Rebeccah, akahamishia viti vyake jikoni. Aliwadharau wote waliosikiliza kitu kingine: kwaya na vinanda vyao, majirani na redio zao, vijana na simu zao. Lakini hii ilimshinda hata yeye kwa uzuri. Ilikuwa panki, muziki wa kelele na hasira, iliyorekodiwa na vijana wa Kenya miaka ya themanini, wakati hakuna aliyeitaka. Gitaa lilikwaruza kama msumeno. Mwimbaji hakuimba, alitapika.

Maneno yalikuwa ya Kijaluo, lugha ambayo Kipngeno hakujishughulisha kujifunza. Hakujali. Aliamua mwenyewe kwamba Ondiek maana yake ni uasi.

"Umeuliza mtu?" Rebeccah akamuuliza.

"Nimuulize nani? Hawa wa kunywa chai na kulala?"

Akaenda Litein kuchapisha neno hilo kwenye fulana. Jumamosi mchana akawaalika watu nyumbani: Pasta Kebaso, walimu wastaafu wenzake, na jirani yake Amondi, mama wa Kijaluo aliyekuwa karani wa kiwanda cha chai. Amondi alikuwa amesoma shule aliyofundisha Kipngeno, na hadi leo hakuweza kukaa kabla Mwalimu hajakaa.

Alipomwona Mwalimu mlangoni amevaa ile fulana, Amondi alikohoa mpaka akaletewa maji.

Sindano ikashuka juu ya santuri. Pasta Kebaso akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Hamsikii kitu!" Kipngeno akawafokea. "Maisha yenu yote mmesikiliza nyimbo za kubembeleza watoto. Huyu kijana alisema ukweli, na watu kama nyinyi mkamfanya kifuniko cha maziwa. Inueni ngumi! Ondiek! Ondiek!"

Wageni wakainua ngumi, kwa adabu tu. "Ondiek," wakanung'unika. Amondi hakuinua yake.

"Amondi, hebu watafsirie hawa watu, wapate aibu kidogo."

"Mwalimu, si tuache tu? Chai inapoa."

"Nimesema tafsiri."

Amondi akasimama, mikono nyuma. Alingoja Mwalimu arudishe sindano mwanzo, akasikiliza, kisha akaanza kusema polepole.

"Anasema: Ondiek, ulivunja gitaa yangu kwa goti lako, ukacheka. Ulinichapa mbele ya wenzangu mpaka nikajikojolea. Sasa niko mbali, lakini bado nakuota. Siku utakufa sitakuja matanga. Nitakuja baadaye, watu wakishaenda, nicheze juu ya kaburi lako."

Kipngeno alikuwa amelengwalengwa na machozi.

"Mmesikia?" akasema. "Hiyo ndiyo sanaa! Na nyinyi mlikuwa mnakunja nyuso. Mtu mnyama namna hiyo alistahili wimbo mbaya kuliko huu. Mimi ningekuwa huyo kijana, ningeimba mpaka jina la mamake." Akamgeukia Amondi. "Lakini huyo bwana alikuwa nani? Chifu? Meneja wa shamba?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Sema, mama! Watu wamjue!"

Amondi aliitazama ile fulana, kisha akaangalia sakafu.

"Ondiek ni fisi," akasema. "Ni wewe, Mwalimu. Shule nzima ndivyo tulikuwa tunakuita."