Wote Tisa Waliandika Hivyo

Inawezekanaje watu tisa, kila mmoja kwenye dawati lake, wakakosea maswali yaleyale kwa maneno yaleyale?

Binti wa chuo kikuu aliyekuja kuwasimamia alizipitia karatasi kwa mara ya tatu. Mtihani ulikuwa mwepesi: andika kitenzi cha Kiingereza kinachoendana na nomino. Mengine karibu yote waliyapata. Lakini palipotakiwa "make a decision", wote tisa waliandika "build". Palipotakiwa "keep a promise", wote waliandika "hold".

"Nani alimwonyesha mwenzake?" aliuliza.

Mzee wa funguo, aliyewafungulia chumba asubuhi, aliendelea kufagia mlangoni, ingawa pale palikuwa safi tayari.

"Hoteli inasubiri majina saa sita. Mkinificha, sipeleki hata moja, na nafasi hizi za kazi hazirudi. Wewe dereva, unacheka nini?"

"Sicheki, dada. Ndivyo sura yangu ilivyo."

Mtu mmoja alicheka. Kicheko hakikufika mbali.

Fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye hakuwa na kazi tangu mwaka uliopita, alisimama. Alitupa jicho mlangoni, kisha akainamisha kichwa.

"Tumeibiana, mwanangu. Sote. Tusamehe."

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi. Kata tu majina, twende zetu."

Binti aliona haya kwa niaba yao. Watu wa umri wa wazazi wake, na wanaipokea fedheha kwa wepesi namna ile! Alichukua kalamu nyekundu, akaanza kulikata jina la kwanza.

Ufagio ulianguka.

"Acha, binti yangu," alisema mzee wa funguo.

"Mzee wetu, kaa," dereva alimsihi. "Yameisha haya."

"Hayajaisha." Mzee alivua kofia. "Hawa hawakuibiana. Kitabu nilichowafundishia shuleni kilikosa ukurasa mmoja. Niliona haya kusema sijui, nikaujaza kwa kubahatisha. Nimefundisha hivyo miaka thelathini."

Akawageukia wanafunzi wake, ambao hakuna hata mmoja aliyethubutu kumtazama.

"Majina yenu yaende hotelini. Mimi, kuanzia Jumatatu, nitakaa darasa la wanaoanza Kiingereza."