Nyumba ya Mtihani

“Ndoo ya bluu iko wapi?” mwalimu aliuliza, macho yake yakiwa bado kwenye mchoro.

Futi alibabaika. Wenzake wa shahada ya uzamili ya usanifu majengo walimbandika jina hilo kwa sababu alipima kila kitu, hadi mlango wa choo cha chuo. Safari hii alikuwa amechora nyumba ya bibi mmoja mjane, na kila kilichokuwa ndani yake: kitanda, kabati, beseni, sufuria za kukingia maji ya mvua.

“Niliona beseni tu, mwalimu. Ndoo hakuna.”

“Basi imetoboka.” Mwalimu alishika penseli, akakihamisha kitanda. “Na katika nyumba yako mpya usimlaze dirishani. Huyu hawezi upepo, kifua kinambana.”

Studio nzima iliguna kwa heshima. Kila mwaka mwalimu alimchagua mwanafunzi mmoja, akamtuma kwa bibi huyohuyo, katika nyumba hiyohiyo inayovuja, akapime, akae naye, kisha amsanifie nyumba mpya. Kwa michoro yote aliyokwisha kuisahihisha, nani angeshangaa kwamba anaijua hadi ndoo? Yeye mwenyewe huko hakukanyaga. Siku ya kwanza alimfikisha Futi kwa gari mwanzo wa kichochoro, akabaki ndani, vioo juu, eti ana simu za kupiga.

“Usimwahidi kitu,” alimwonya. “Watu wa hapa hawasahau.”

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa kwenye gari.

Bibi naye hakuwa mtu wa kuonewa huruma kirahisi. Ulimi wake ulikuwa mkali na hakumbakiza mtu.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, fundi wa karatasi. Wa mwaka jana alikuwa na mashavu, wewe mifupa mitupu. Huko chuoni mnalishwa penseli?”

Alishika ncha ya utepe wa kupimia kabla hajaombwa, akauvuta hadi ukutani kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Alijibu kila swali: anaamkia upande gani, anapikia wapi, akiumwa magoti anajishikiza wapi. Futi alipofunga mkoba, bibi naye akawa na lake, lilelile kila mara.

“Mwalimu wenu hajambo?”

“Hajambo, Bibi.”

“Anakula? Hajakonda?”

“Yuko vizuri tu.”

“Haya. Mwambie na jikoni sasa panavuja.”

Futi alitabasamu siku za mwanzo. Maskini, bibi alikuwa anajipendekeza kwa mkubwa ili nyumba ije haraka. Baadaye tabasamu likamwishia, nafsi ikaanza kumsuta. Nyumba gani? Hapakuwa na mjenzi, hapakuwa na hata tofali moja. Palikuwa na alama za mtihani, basi. Kila alipouliza kuhusu magoti ya bibi, alijiona tapeli mwenye kitambulisho cha chuo.

Alimchukia mwalimu pia. Mtu anajua mpaka mahali tone linapodondokea, halafu anakunywa chai yake kwa raha zake!

Hata hivyo alichora, na alichora kwa moyo wote. Paa refu lenye kibaraza. Ukuta wa kujishikiza kutoka kitandani hadi chooni. Jiko ambamo mtu anapika akiwa amekaa. Akakata kadibodi, akagandisha mfano wa nyumba, vidole vikajaa gundi na vidonda.

Siku ya kutetea kazi, jopo la wageni lilizunguka meza na kusahau kukaa.

“Huyu anamjua mtu wake,” alisema mmoja.

Mwingine akauliza, “Na bibi mwenyewe ameiona?”

“Anayefuata!” mwalimu alidakia.

Futi alipata alama za juu kuliko wote. Wenzake walimbeba juujuu. Yeye alitazama dirishani: nje mvua ilikuwa inapiga.

Kesho yake hakwenda darasani. Aliubeba mfano wake kichochoroni, akakuta bibi anamwaga beseni mlangoni.

“Aa, imekwisha? Nzuri hii. Iweke kabatini juu, na wenzake.”

Futi aliinua macho. Juu ya kabati zilipangwa nyumba za kadibodi, nzuri zote, zimefunikwa nailoni zisiloe. Machozi yakamtoka papo hapo.

“Bibi, nisamehe. Hii haitajengwa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kujengwa, zote zilikuwa za mtihani. Ningekwambia tangu siku ya kwanza, nikaogopa kufeli.”

Bibi akacheka mpaka akakohoa.

“Nani kakudanganya kwamba nangoja nyumba?”

“Sasa mbona ulituruhusu miaka yote hii? Tunakupekua hadi uvunguni!”

“Kwa sababu mkitoka hapa mnakwenda kumwonyesha.” Kicheko kilikuwa kimekauka. “Anaona ninapolala. Anaona mvua inaponiingilia. Nikasema, akishaona ataona haya, atakuja. Wapi!”

Alilirudisha beseni chini ya tone, akalisogeza kwa mguu mpaka likakaa sawa.

“Mwambie nimechoka, mjukuu wangu. Mwakani asiniletee watoto wa watu. Nilimzaa yeye, aje yeye.”