Namba Arobaini na Moja

Mwinyimvua aliadhini, akakimu, akajiswalisha mwenyewe. Alipotoa salamu aligeuka kulia, hamna mtu. Akageuka kushoto, hamna mtu. Akajipa mkono.

Mikwajuni ilikuwa na nyumba thelathini na mbili. Sasa ilibaki yake, na jogoo mmoja aliyesahauliwa siku ya lori. Jogoo naye alikuwa akiwika kwa kujikaza tu, maana hakuwa na wa kumwamsha.

Mwaka ule wa sabini na nne watu walihamishiwa kijiji kipya, kando ya njia ya Msata. Siku ya mkutano wa kuhama Mwinyimvua alikuwa Pangani, mazikoni kwa shangazi yake. Aliporudi alikuta lori limekwisha beba watu, mbuzi, vitanda, na mkewe Biubwa. Akafuata mbio. Kufika, akaambiwa hana kiwanja.

"Wewe umeandikwa daftarini kwamba umekataa kuhama."

"Nimekataa lini? Nani kasema?"

"Limo kwenye daftari la mkutano."

"Basi nionyesheni."

"Daftari si gazeti, mzee."

Akateremka mpaka Bagamoyo mjini, akaishitaki ofisi ya kijiji imfungulie daftari. Hakimu alimsikiliza vizuri sana. Kisha akapekua makaratasi, akasema ipo kesi nyingine, namba arobaini na moja, inayohusu shamba lake lile lile la Mikwajuni. Kwa hiyo ya daftari isimame kwanza, mpaka ile iishe. Na mpaka hapo Mwinyimvua asihame alipo, asing'oe hata mnazi mmoja. Akihama, amekubali yaliyoandikwa.

"Hiyo arobaini na moja ni ya nani?" alimuuliza karani mlangoni.

"Si yako. Ingekuwa yako ungeitwa."

Mwinyimvua hakuhitaji kuambiwa. Ni ya Mosi, jirani yake wa zamani, aliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi aliyekula mkeka. Nani mwingine?

Ikapita miezi saba. Kwenda hawezi, hakimu kakataza. Kukaa nako ndiko huko: ukiishiwa kiberiti, wa kumwomba kijinga cha moto hayupo, ukipiga chafya, wa kukuombea rehema ni wewe mwenyewe. Alijaribu kuzungumza na jogoo. Jogoo akahamia upande wa pili wa kijiji.

Biubwa alikuja kila Ijumaa na kapu kichwani. Mwili umemjaa, uso unang'aa, kanga mpya.

"Mchuzi hauna chumvi," Mwinyimvua alisema kabla salamu hazijaisha. "Na haya maji mbona ya moto? Nikune mgongo. Siyo hapo. Hapo. Kwa nini umechelewa?"

"Njia ndefu, mume wangu."

"Na kesi?"

"Imeahirishwa."

"Mosi mwanaharamu! Kanifunga bila pingu."

"Mosi umemtaja wewe," Biubwa alisema, akikusanya vyombo. "Mimi simo."

"Sasa lini tena?"

"Jumatatu. Nayo itaahirishwa."

"Umejuaje?"

"Si ndiyo kawaida yake?"

Mwinyimvua akasukuma sahani. "Jumatatu nakwenda mwenyewe. Nataka nimwone usoni anavyoomba."

"Jua lote hili, na miguu hiyo?" Biubwa alimfunika shuka mpaka kidevuni, ingawa ilikuwa saa nane mchana. "Tulia, baba. Nitakwenda mimi, nikusikilizie."

Akatulia Jumamosi. Akatulia na Jumapili. Jumatatu, baada ya kujiswalisha alfajiri, akachukua bakora yake akashika njia.

Karibu na mjini alikutana na Pazi wa kijiji kipya, juu ya baiskeli. Pazi alimwona, nusura aingie mtaroni.

"Mzee Mwinyimvua! Kwa miguu yako?"

"Kwani nilikuwa nikitembelea ya nani?"

Pazi akamtazama juu mpaka chini. "Mungu mkubwa," akasema, akakanyaga baiskeli kwa nguvu bila kugeuka nyuma.

Mwinyimvua akamsamehe. Vijana wa siku hizi wanakejeli hata aliyekwisha kufungwa.

Mahakamani palijaa. Akasimama nje, penye dirisha la nyuma, katikati ya watu wenye kesi zao, akamtafuta Mosi benchi kwa benchi. Hakumwona. Leo, alijiambia, nikishamjua kwa macho yangu, nitamwangukia hakimu miguuni, nimwambie basi, nimechoka, nataka watu.

"Namba arobaini na moja!" karani aliita.

Mtu mmoja akainuka benchi la mbele, akajitanda kanga mpya vizuri.

"Mheshimiwa," alisema Biubwa, "naomba tena iahirishwe. Shahidi wangu ni mume wangu, na mume wangu hawezi. Mwezi wa saba huu yu kitandani, hata kujigeuza ubavu mpaka niende nikamgeuze."

Hakimu akavua miwani, akamtazama kwa huruma.

"Pole sana, mama. Basi mpaka baada ya masika. Na mgonjwa asisogezwe hapo alipo."