Mikono ya Nasra

Siku hizi tabia ya mwili haitibiwi, huhamishwa: mtoto akivuliwa, mzazi huvishwa, na ikishahama hairudi. Nasra alikuwa akipigapiga mikono kama kifaranga tangu ajue kukaa, na shule zote zilimkataa. Mama yake, Mwamvita, alichoka kunyooshewa vidole. Akampeleka kliniki, akasema, "Nipeni mimi. Nilimbeba tumboni, sitashindwa na hili."

Asubuhi iliyofuata akakaanga maandazi. La kwanza lilipolia chwaa kwenye mafuta, mikono yake ikaruka yenyewe, unga ukatapakaa jiko zima. Furaha ikampanda kifuani, furaha asiyowahi kuijua, akajikuta anacheka peke yake.

Kumbe ndiyo hii! Na yeye miaka yote alikuwa akimbana mtoto mikono, "Tulia, wewe!"

Akageuka. Nasra alikuwa ameketi mezani, mikono ameilaza mapajani kama mgeni aliyekuja kutoa pole. Andazi lake lilikuwa linapoa.

"Kula, mwanangu. Si unayapenda?"

"Nilikuwa nayapenda, mama."

Mwamvita akataka kulia. Lakini andazi jingine likalia chwaa, mikono ikaruka, na furaha ikampanda tena.