Zamu ya Tunu

Sheria ni moja kwa wote: kila mtu mzima hupewa zamu ya kuishi wiki nzima na mwili wa hali nyingine. Zamu yangu ilipofika, nilizimwa macho. Binti yangu Tunu, asiyeona tangu kuzaliwa, alinikuta jikoni nikipapasa ukuta, akacheka.

"Mama, ukuta haupiki. Sikiliza sufuria. Vitunguu vikinyamaza, ujue vinaanza kuungua."

Nami ndiye niliyekuwa nikimfukuza jikoni asije akaungua! Wiki ile nilikula kwa mkono wake, na mpaka leo naishukuru zamu ile. Sasa tunapika pamoja, na sufuria hazihamishwi ovyo.

Tunu ametimiza umri. Jumatatu anawashiwa macho kwa wiki moja, kisha yatazimwa.

"Utataka kuona nini kwanza?" nilimuuliza.

"Chapati zako. Mkononi zina pembe, nataka kuhakikisha."

Tulicheka sana. Kisha akasema, "Mama, uliporudishiwa macho ulipiga vigelegele. Mimi wiki ikiisha, nitapiga nini?"

Nikamwaga vitunguu kwenye mafuta, tukasimama bega kwa bega tukivisikiliza.